Yaya Huyu Kwao Wapi?

Leo nawapeleka Hollywood, kwenye sinema za enzi za studio kubwa, tuseme tangu miaka ya 1930 hadi kukaribia 1960, na safari yetu inaanzia jikoni.

Filamu inaitwa Imitation of Life, ya studio ya Universal, mwaka 1934. Mjane wa Kizungu aitwaye Bea ana binti mdogo, na anapata riziki kwa kuuza shira. Asubuhi moja anabisha hodi mama Mweusi, Delilah, aliyekosea anwani akitafuta kazi. Naye ana binti, Peola. Delilah anakubali kufanya kazi za nyumba bila mshahara, ilimradi yeye na mwanawe wapate chakula na pa kulala. Basi, huyu Delilah ana ufundi wa kupika chapati za maji ambao ni siri ya ukoo wake. Bea anazionja, anafungua mgahawa, kisha anaanza kuuza unga wake uliochanganywa tayari kwenye maboksi, na chapa ya biashara ni sura ya Delilah akitabasamu. Pesa zinamiminika. Inapofika siku ya kuandikisha kampuni, Bea anamweleza Delilah kwamba fungu lake litakuwa asilimia 20, na kwamba sasa ataweza kuwa na gari lake na nyumba yake mwenyewe.

Delilah anaingiwa na hofu. Anauliza kama ndiyo anafukuzwa. Nyumba haitaki, anaomba aachwe abaki kumtunza Bea na watoto. Baadaye tunawaona katika jumba la fahari huko New York. Usiku umeingia, Delilah amemaliza kumkanda Bea miguu, wanaagana. Ngazi imewekwa katikati ya picha. Bea anapanda kwenda vyumba vya juu, Delilah anashuka kwenda chini. Kamera inawaonyesha wote wawili kwa pamoja, mmoja akipanda na mwenzake akishuka, na hakuna ndani ya nyumba ile anayeona ajabu.

Tunapozungumzia nafasi ya watu wa rangi na asili mbalimbali katika sinema, wengi wetu huanza kuhesabu vichwa: Weusi walikuwa wangapi, Waasia wangapi. Kuhesabu kuna faida yake, siwezi kukubeza. Lakini sinema za studio hazikukosa watu Weusi. Walijaa tele: wapishi, mayaya, wapagazi wa stesheni, madereva, wapiga piano. Walichonyimwa ni kwao. Watu hawa kazi ikiisha wanarudi wapi? Nani anawasubiri mlangoni? Wakifiwa, wanazika wapi na pamoja na nani? Kila nikitazama filamu ya zamani, swali ninalombana nalo mwongozaji ni hilo: yaya huyu kwao wapi?

Tueleze kidogo mambo yalivyopangwa, maana hayakutokea kwa bahati mbaya. Studio kubwa tano, yaani MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO, zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zikamiliki pia majumba ya kuzionyesha. Waigizaji walifungwa kwa mikataba, mara nyingi ya miaka saba. Hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba mpango huo unaua ushindani, watu wachache mno ndio waliokata shauri taifa zima litazame nini Jumamosi usiku. Na watu hao waliyaogopa majimbo ya Kusini, ambako ubaguzi ulitenganisha Weupe na Weusi hadi kwenye viti vya sinema. Filamu ya kuwaudhi wenye majumba ya sinema wa Kusini ilihesabiwa hasara hata kabla kamera haijawashwa.

Juu ya hofu hiyo ikaja kanuni ya maadili ya filamu, iliyopitishwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa mkono wa chuma mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Kanuni hiyo ilikataza, kwa maandishi, kuonyesha mapenzi kati ya Mweusi na Mweupe. Katazo hilo halikuondolewa hadi 1956. Waasia nao lile tope liliwarukia. Mwaka 1937 MGM ilitoa The Good Earth, habari za wakulima wa China, kutokana na riwaya ya Pearl S. Buck. Mume aliigizwa na Paul Muni na mke na Luise Rainer, Wazungu wote wawili. Kulikuwapo mwigizaji hodari, Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya China, aliyeitamani nafasi ile ya mke. Akaambiwa ajaribu nafasi ya Lotus, yule mke mdogo anayeivuruga nyumba. Akakataa, akapanda meli mwaka 1936 kwenda kuiona nchi ya mababu zake. Rainer akapata Oscar.

Nirudi kwa Peola, maana hapo ndipo penye kidonda. Peola ni binti wa Delilah, na ngozi yake ni nyeupe kiasi kwamba hakuna awezaye kumtofautisha na Mzungu. Akikua anamkana mama yake, anahama mji akaishi kama Mzungu. Ofisi ya Breen iliingiwa na wasiwasi kwa sababu ya ngozi hiyo: mtoto huyu ameupataje weupe, kama si kwa lile tendo ambalo kanuni inalikataza? Ikabidi Delilah aeleze ndani ya filamu kwamba baba wa mtoto alikuwa Mweusi mwenye ngozi nyeupe sana. Yaani historia nzima ya utumwa wa Marekani, ya mabwana waliozaa na watumwa wao, ilifunikwa kwa sentensi moja.

Peola mkubwa aliigizwa na Fredi Washington, na huyu dada ningependa mlishike jina lake. Alikuwa Mmarekani Mweusi mwenye macho ya rangi ya majani na ngozi nyeupe. Angetaka kujiita Mzungu, milango ingefunguka. Hakutaka. Kwenye sinema alimwigiza msichana anayewakimbia watu wake, na nje ya sinema akabaki nao, akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji Weusi mwaka 1937. Mwaka mmoja kabla ya Imitation of Life alikuwa ameigiza na Paul Robeson katika The Emperor Jones. Wakubwa walipoziona picha walitishika: mtazamaji atadhani Robeson amemkumbatia mwanamke wa Kizungu. Wakampaka Fredi rangi ya kumtia weusi. Hebu fikirini, mwanamke Mweusi anapakwa weusi ili afanane na kile wanachodhani wao kuwa ni Mweusi. Pamoja na uzuri wake na kipaji chake, baada ya Imitation of Life Hollywood haikuwa na kazi nyingi ya kumpa. Kwa wenye studio alikuwa mweupe mno kuwa mjakazi, na Mweusi mno kuwa mpenzi wa mtu.

Sasa tuje kwa Hattie McDaniel, ambaye bila shaka wengi mmemsikia. Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, na baba yake alikuwa amezaliwa utumwani. Aliimba, aliigiza majukwaani, alifanya kazi za usafi na uhudumu kila mifuko ilipokauka. Katika Gone with the Wind ya mwaka 1939 alimwigiza yaya wa binti wa shamba kubwa la pamba. Yaya huyo anaitwa Mammy, basi. Hana jina jingine. Filamu ina urefu wa karibu saa nne, na katika saa hizo tunajua anampenda nani, anamgombeza nani, anamlilia nani. Mume hatumwoni, mtoto wake hatumsikii. Na ajabu ni kwamba Hattie, kwa macho yake tu na kwa jinsi anavyovuta pumzi, anatuonyesha mtu ambaye waandishi hawakumwandika. Mwangalieni anapopanda ngazi na Melanie, wifi wa yule binti, akimsimulia msiba wa mle nyumbani, huku analia na kusema bila kukatiza. Ni uigizaji wa hali ya juu, kwa kipimo chochote kile.

Filamu ilipozinduliwa Atlanta, tarehe 15 Desemba 1939, Hattie hakuwapo. Sheria za ubaguzi za Georgia zisingemruhusu kukaa na wenzake. Tarehe 29 Februari 1940, sherehe ya Oscar ilifanyika katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, hoteli ambayo haikupokea Weusi. Ilibidi mtayarishaji David O. Selznick amwombee ruhusa ya kuingia. Akakalishwa meza ndogo ya pembeni, mbali na meza ya wenzake wa filamu ile ile. Jina lake likaitwa. Akawa mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo, ile ya mwigizaji msaidizi wa kike. Alisimama akashukuru huku machozi yakimlenga, akaomba awe daima heshima kwa watu wake na kwa fani ya sinema. Kisha akarudi kwenye meza yake kule pembeni.

Baada ya hapo mnadhani alipewa nini? Alipewa uyaya zaidi. Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwabana wenye studio wawape Weusi nafasi za watu wa kawaida: daktari, mwalimu, karani, mtu tu anayepita barabarani. Alikuwa na haki kabisa. Lakini maneno yake yaliwaangukia pia akina Hattie, kana kwamba wao ndio walioandika hadithi zile. Hattie alijibu, kama inavyosimuliwa mpaka leo, kwamba heri kuigiza ujakazi kwa mamia ya dola kwa wiki kuliko kuwa mjakazi kwa dola chache. Wapo wanaomlaumu kwa jibu hilo. Mimi simlaumu. Aliyestahili lawama ni mwenye kalamu na mwenye daftari la hesabu, na kuhusu hao wawili sauti zilikuwa chini sana.

Na kwa kuwa hapa ni redioni, niwaambie na hili. Redio ya Marekani nayo ilikuwa na mjakazi wake maarufu, Beulah. Sauti ya kwanza ya Beulah ilikuwa ya mwanamume wa Kizungu, Marlin Hurt, na baada ya kifo chake akaja mwanamume mwingine wa Kizungu. Ni mwaka 1947 ndipo Hattie McDaniel alipoichukua kazi hiyo, na kwa mara ya kwanza mwanamke Mweusi aliyesikika hewani katika kipindi kile alikuwa kweli mwanamke Mweusi. Lakini ni jikoni, pale pale.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko tuzo yoyote. Louise Beavers, yule aliyeigiza Delilah, mama aliyelia asipewe nyumba yake, alikuwa na nyumba yake. Hattie McDaniel naye alikuwa nayo, na Ethel Waters, mwimbaji na mwigizaji, vilevile. Walinunua katika mtaa wa majumba makubwa wa West Adams, Los Angeles, sehemu ambayo watu waliita Sugar Hill. Hati za viwanja zilikuwa na sharti kwamba mali isiuzwe kwa mtu asiye Mzungu. Baadhi ya majirani wakafungua kesi watolewe. Mwezi Desemba 1945 wenye nyumba wakajaa mahakamani, na jaji Thurmond Clarke akaitupa kesi ile, akisema umefika wakati Weusi wapewe haki yao kamili chini ya Marekebisho ya 14 ya katiba. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ya nchi nzima ikaamua kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti ya namna hiyo.

Yaani mchana, mbele ya kamera, mama hawa waliigiza watu wasio na kwao. Jioni walivua zile aproni wakaenda kwa mwanasheria kupigania vyumba vyao vya kulala. Filamu nzima ilikuwa pale, inatembea na miguu yake, ina mashahidi na hukumu, na hakuna studio hata moja iliyoelekeza kamera upande ule.

Lena Horne alitaka kuivunja desturi hiyo. Aliposaini na MGM mwaka 1942, yeye na wazee wake walihakikisha kwamba hatapewa ujakazi. Studio ikakubali, ikapata pa kumweka: asimame karibu na nguzo, avae vizuri, aimbe wimbo mmoja. Nyimbo hizo zilipigwa picha kwa namna ambayo zingeweza kukatwa bila hadithi kuharibika, filamu ikifika Kusini. Huko Memphis alikuwapo mkaguzi mmoja, Lloyd Binford, ambaye mkasi wake haukupumzika. Mwaka 1945 aliipiga marufuku filamu ya Brewster's Millions kwa kuwa mtumishi Mweusi, aliyeigizwa na Eddie Anderson, alizungumza na Wazungu kwa kujiamini kupita kiasi. Nafasi ambayo Lena aliitaka kwa moyo wote ilikuwa ya Julie katika Show Boat, mwanamke mwenye damu ya Kiafrika anayeishi kama Mzungu. Mwaka 1951 MGM ilimpa Ava Gardner. Lena alisimulia baadaye kwamba hata rangi aliyopakwa Ava usoni ilikuwa ile iliyotengenezwa kwa ajili yake yeye Lena.

Ava Gardner huyo huyo, mwaka uliofuata, alishuka Nairobi. Na hapa, msikilizaji, sinema hizi zinaingia uani kwetu.

Hollywood ilikuwa imefika zamani. Mwaka 1929 MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke na msafara mkubwa kupiga Trader Horn katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mbeba bunduki wa yule mfanyabiashara Mzungu anaitwa Rencharo, na aliyemwigiza ni Mutia Omoolu, mwanamume kutoka Kenya, ambaye baadaye alipelekwa California kumalizia picha. Ana uso ambao kamera inaupenda. Katika kila picha anayotokea jicho linamfuata yeye. Kwao Rencharo hatupaoni. Anamfuata bwana wake hadi anauawa. Picha za mbuga zilizobaki zilitumiwa mwaka 1932 katika Tarzan the Ape Man, ambayo waigizaji wake hawakuondoka California. Tembo walikuwa wa Asia, wakavishwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na tembo wetu. Wale watu wafupi wa msituni waliigizwa na Wazungu wenye kimo kifupi waliopakwa weusi. Mtoto yeyote wa Morogoro angewaambia kuhusu yale masikio, lakini mtoto wa Morogoro hakuwa anafikiriwa kuwa ni mtazamaji.

Paul Robeson alijaribu njia nyingine. Mtoto wa mchungaji aliyezaliwa utumwani, mwanasheria, mwimbaji wa sauti nzito, alihamia London, akajiandikisha mwaka 1934 katika chuo cha lugha za Mashariki, na miongoni mwa alivyojifunza ni Kiswahili. Alitaka kuijua Afrika kwa lugha zake. Alipoitwa na ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, kuigiza Sanders of the River, aliamini ataonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima. Kijiji kikajengwa Shepperton, karibu na London, na Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza wakakodiwa kujaza kijiji. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Filamu ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa sifa tupu kwa utawala wa Mwingereza, na Bosambo wa Robeson ni chifu mtiifu anayemshukuru bwana mkubwa. Robeson aliona aibu, akaikana hadharani. Katika filamu ya baadaye, Song of Freedom ya 1936, alidai mkataba unaompa neno la mwisho juu ya picha. Humo anaigiza mpakuaji mizigo wa bandarini London anayeutafuta ukoo wake hadi anapata kisiwa cha mababu zake Afrika. Ina kasoro zake, lakini mhusika wake anauliza swali letu la leo kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan, aliachana na Hollywood kabisa.

Na Kenyatta? Desemba 1952 alikuwa kizimbani Kapenguria, na nchi imetangazwa kuwa katika hali ya hatari. Wakati huo huo MGM ilikuwa inapiga Mogambo, na John Ford akiongoza, Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly wakipendana na kugombana kati ya mahema, Kenya na kando ya mto Kagera. Itazameni leo muone kama mtaambulia dalili yoyote kwamba nchi ile ilikuwa inawaka. Waafrika wa Mogambo wanapiga makasia, wanabeba masanduku, wanaimba. Mzozo mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki ya siku ile ni Gable atamchagua nani.

Nisiwaonee. Ipo filamu ya studio iliyompa Mwafrika kwao, nayo ni King Solomon's Mines ya MGM, mwaka 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi. Yule kijana mrefu anayejiunga na msafara, Umbopa, kumbe ni mfalme anayerudi kudai kiti chake, na sehemu ya mwisho inahamia nyumbani kwake, kwenye ngoma za Watutsi. Filamu haina muziki wa okestra. Inajitegemea kwa ngoma na sauti za Kiafrika, na inapendeza sana kwa hilo. Lakini subirini orodha ya majina. Stewart Granger, Deborah Kerr, Richard Carlson: kila mmoja jina lake na la ukoo wake. Halafu Siriaque, wa kabila la Watutsi. Kimursi, wa kabila la Wakipsigis. Jina moja na kabila. Mwanamume aliyeigiza mfalme hakuulizwa jina la baba yake.

Walikuwapo waliotengeneza sinema nje ya milango ya studio, na huko watu Weusi walikuwa na kwao tele. Oscar Micheaux, aliyewahi kulima South Dakota na kuuza riwaya zake mlango kwa mlango, alitoa The Homesteader mwaka 1919 na Within Our Gates mwaka 1920. Alitengeneza zaidi ya filamu 40. Robeson mwenyewe alianzia kwake, katika Body and Soul ya 1925. Filamu za Micheaux zilipigwa kwa fedha kidogo, taa hafifu, na makosa mengine hayakurudiwa kwa kuwa filamu mbichi ilikuwa ghali. Ndani yake lakini mna walimu, matapeli, wachungaji, wanandoa, watu wanaokula mezani kwao. Nakala ya Within Our Gates ilipotea kwa miongo mingi hadi ikapatikana Hispania. Kama isingekuwa hiyo bahati ya Hispania, tusingemwona Evelyn Preer akiigiza mwalimu anayetafuta fedha za shule ya watoto Weusi.

Hattie McDaniel alifariki mwaka 1952. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood. Akakataliwa kwa rangi yake. Tuzo yake, iliyokuwa bamba dogo na wala si sanamu, aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, nayo ikapotea. Mwanamke Mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Howard ilipewa bamba jingine mwaka 2023.

Mwaka 1959 Universal iliitengeneza upya Imitation of Life, Douglas Sirk akiongoza. Binti anayejifanya Mzungu safari hii alipewa Susan Kohner, ambaye hakuwa Mweusi. Hapo studio ilirudi nyuma kuliko 1934. Lakini mama, sasa anaitwa Annie, aliigizwa na Juanita Moore, na kuna mahali anazungumza na bibi wake, Lora, ambaye ameishi naye miaka na miaka. Annie anataja rafiki zake, kanisa lake, vyama vyake. Lora anashangaa: hakuwahi kufikiri kwamba Annie ana marafiki wengi. Annie anamjibu, bila hasira yoyote, kwamba Lora hakuwahi kumwuliza. Kisha Annie anakufa, na maziko yake yanajaza kanisa na barabara nzima, watu ambao filamu haikutuonyesha hata mara moja. Mahalia Jackson anaimba. Kwa jibu lile moja la Annie, studio ilitoa ushahidi dhidi yake yenyewe.

Basi nimalizie na ombi. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, Howard Hawks alikuwa karibu na Arusha akipiga Hatari! na John Wayne, mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru wa Tanganyika. Filamu ina dakika 157. Wamo humo madereva, wakamataji wanyama, wapishi, na Waarusha wanaompa mgeni jina la Mama Tembo, na wengi wao hatuwajui ni akina nani. Baadhi yao huenda wapo hai, ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Msikilizaji wa Arusha, wa Momella, wa Naivasha, wa Kagera, wa kule Butare na Masindi: kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyepata kusimama mbele ya kamera za Hollywood, au aliyebeba masanduku yake, kaeni naye wiki hii. Muulizeni alilipwa nini, alilala wapi, aliambiwa afanye nini na yeye alifikiri nini. Halafu tuleteeni jina lake kamili, la kwake na la baba yake, pamoja na kijiji chake. Tutayasoma hapa hewani, moja baada ya jingine.